Mahali pa Kuweka Kichanja cha Karanga

Nyie vijana mnaokuja kuniuliza kama fremu fulani pale Karatu inafaa kwa duka la simu au saluni, mnajiponza bure. Nimefanya kazi ya kutafuta mahali pa biashara zaidi ya miaka kumi, nikastaafu bila kujua mahali pazuri panafananaje. Sijishushi, sijui kweli. Niliwahi kuweka mashine penye watu mia, ikalala. Nikaweka nyingine penye ng'ombe watupu na mzee mmoja kipofu, karanga zikaisha kwa siku mbili. Mpaka leo najiuliza zilikwenda wapi. Ng'ombe hawana mifuko.

Kwanza niwaeleze mashine yenyewe, maana nikisema mashine mnafikiria umeme. Kilikuwa kichanja cha chuma, mfano wa kile cha kuanikia vyombo, ila kirefu na kizito, chenye vichwa vinane vya kioo, kila kimoja na tundu na mpini wake. Vinne vya karanga, viwili vya pipi, viwili vya bazoka. Unatumbukiza thumuni, ile sarafu ya nusu shilingi, kwenye tundu, unazungusha mpini, unafungua kijimlango na kukinga kiganja. Muuzaji hakuna. Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Mzee mmoja wa Rhotia alikizunguka mara tatu akimtafuta muuzaji, kisha akaniambia kwa huruma, "Huyo mtu wenu ni mwembamba sana, mlisheni."

Tajiri wetu wa Arusha alivinunua vitatu kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Mimi nilipewa kazi ya kuvitafutia mahali, kuanzia Karatu kupanda mpaka Ngorongoro. Nilikuwa kijana wa darasa la saba, kwetu Mbulumbulu, nimeacha jembe kwa mbwembwe nyingi. Nilipewa pia mwalimu, Mzee Yona, dereva wa Landrova, Mmeru mfupi aliyenusa tumbaku hata kanisani.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili. "Bura, usihesabu watu. Tazama chini. Watu wakipita tu, njia inakuwa nyembamba. Watu wakisimama, majani yanakufa duara. Tafuta duara." Na kweli, nendeni mkatazame penye mnada au kisima, mtaliona. Mtu anayepita hanunui karanga. Mtu anayesimama ana mikono miwili na hajui aifanyie nini.

Basi nikalipata duara langu la kwanza nje ya zahanati moja ya huko, jina nalimeza. Majani yamekufa kabisa, watu wamesimama tangu asubuhi. Nikaweka kichanja, nikarudi baada ya wiki. Hata thumuni moja! Nikamuuliza mama mmoja aliyembeba mtoto mgonjwa, naye akanitazama juu mpaka chini. "Nitafune karanga wenzangu wanalia?"

Nikamwambia Mzee Yona kanuni yake imevunjika. Akanusa tumbaku, akapiga chafya, akasema, "Haijavunjika. Ina mlango wa nyuma." Alimaanisha nini? Sijui. Alipenda kusema maneno ya namna hiyo, na mimi nilipenda kutikisa kichwa kama nimeelewa.

Mara nyingine tulipanda mpaka kwenye hoteli ya watalii ukingoni mwa kreta. Nikasema, hapa ndipo kwenye pesa. Ukungu wa kule ukaingia kwenye karanga, zikawa laini kama maharage yaliyolala. Watalii nao hawakuwa na thumuni, walikuwa na noti, basi wakawa wanakipiga picha kichanja na kuondoka. Nyani mmoja dume aliwatazama siku kadhaa, akajifunza kuzungusha mpini. Alizungusha kwa bidii bila kupata kitu, akapandwa na hasira, akavipasua vichwa vitano. Mhudumu aliyeniletea habari aliniambia, "Afadhali huyo, amejaribu." Kichanja cha kwanza kikafia hapo.

Cha pili nilikitafutia njia panda moja yenye duka. Sikilizeni vizuri hapa, hili mnaweza kulitumia hata leo. Mahali hapaombwi siku ya kwanza. Siku ya kwanza kunywa chai ya mwenye mahali. Ya pili, uliza hali ya mifugo na mvua. Ya tatu ndipo useme kilichokuleta, naye atakuwa ameshajijibu mwenyewe. Nilifanya hivyo, mwenye duka akakubali kwa moyo mweupe. Nikarudi baada ya mwezi, kichanja kimefungwa nyuma ya Landrova. Duka hakuna! Nyumba hakuna! Kilikuwa kile kipindi cha watu kuhamia kwenye vijiji vipya, nao walikuwa wamehama na mabati yao. Alibaki mbwa mmoja. Mzee Yona akazima gari, akaniuliza bila hata kucheka, "Tukishushe?"

Kile cha pili kikarudi Arusha. Tajiri akatuita, akasema kwa kinywa chake, "Bura, kikilala hiki cha tatu, wewe na Yona mkatafute kazi nyingine." Mimi ningerudi shambani nikachekwe, basi. Lakini Mzee Yona alikuwa na umri wa baba yangu, jicho moja limeanza ukungu, na nani angemkabidhi gari lingine? Safari ya kurudi Karatu hakunusa tumbaku hata mara moja. Nikaogopa.

Ndipo nikasema twende kwetu, Mbulumbulu. Pale njia panda, malori ya ngano yalikuwa yanasimama kusubiriana. Kulikuwa na hoteli ya chai na maandazi ya Mama Agripina, mjane mwenye sauti kama filimbi ya mpira. Duara lilikuwepo, kubwa, limezunguka hoteli nzima. Nikanywa chai siku mbili. Ya tatu sikufika, maana Mama Agripina alinikatisha ile ya pili, "Bura, sema unachotaka, unanimalizia sukari." Na sukari wakati ule ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Tukakisimamisha ukuta wa kusini. Ukuta wa magharibi unapigwa na jua la mchana, pipi zinashikana. Ukuta wa barabarani unakula vumbi jekundu mpaka matundu ya sarafu yanaziba. Wiki ya kwanza, jamani! Matingo wa malori walipanga foleni. Akina mama walitoka kanisani na watoto wao, wakazungusha. Sarafu nilikuwa nambadilishia Mama Agripina anipe noti, naye akizitumia kurudishia wateja chenji. Niliona nimefanya jambo la akili sana. Mzee Yona akarudia tumbaku.

Wiki ya nne kikalala.

Nilidhani ni tundu, nikasafisha. Nikadhani karanga zimechacha, nikazionja, nzuri. Nikabadilisha pipi. Nikahamisha vichwa, vya juu chini, vya chini juu. Hakuna. Watu walikuwepo, wamesimama duarani kama kawaida, lakini wamekipa kichanja mgongo. Na ajabu ni hii: kichwa kimoja, cha karanga, cha chini kabisa, kila wiki kilikuwa kimepungua kidogo na ndani mna thumuni mbili tatu. Vingine saba, kavu. Nani huyo anayenunua, na kwa nini hicho kimoja? Niliwauliza matingo, wakatazama viatu. Nikamuuliza mwenyekiti wa kanisa, akaniambia tumwombe Mungu. Kichwa kiliniuma. Hata hoteli yenyewe ikaanza kupungua watu. Maandazi yalibaki mpaka jioni, na Mama Agripina, mtu wa kelele, akawa ananijibu kwa neno moja moja.

Nikamkabili jikoni. "Mama, nimekukosea nini?"

Akaendelea kukanda unga. "Si wewe."

"Nani basi?"

"Dada yako anakuja pale asubuhi, kabla umande haujakauka." Kisha akasema yote kwa mkupuo. "Watu wamemwona. Ameshika mpini. Na sarafu zake unaniletea mimi, mimi nawapa watu chenji. Umeelewa sasa?"

Nilielewa. Ngoja niwaeleze na nyie, maana wengi wenu hamkuikuta desturi hii. Kwetu Wairaqw, zamani, mama aliyefiwa na mtoto mchanga alikaa metimani. Haingii nyumba ya mtu. Hachoti maji pamoja na wengine. Hapokei kitu mkononi mwa mtu wala hampi mtu kitu mkononi, mpaka wazee waseme muda umekwisha. Watu hawakumchukia, walikiogopa kifo kilichopita kwake, wasije wakakibeba nyumbani. Dada yangu Paskalina alimzika mtoto wake wa kwanza mvua za mwaka uliotangulia. Mume wake alikuwa kibarua mashamba ya Oldeani, anakuja mara chache. Na mimi, nduguye tumbo moja, niliyepita na Landrova kila wiki mwendo wa dakika ishirini kutoka kwake, sikuwahi kwenda. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Siku ile nikaenda. Nikasimama nje ya ua, yeye akasimama mlangoni mwake. Alikuwa amekonda.

"Bura, umekuwa mtu mzima," akasema.

"Dada, unakwenda pale kwenye mashine yangu?"

"Kumbe ni yako?" Akacheka, na sijui kwa nini kile kicheko kiliniumiza kuliko kama angelia. "Nilisikia ni ya mtu wa Arusha. Nikienda dukani, chumvi ananisukumia kwa fimbo. Pale natumbukiza, nazungusha, zinaniangukia kiganjani, basi. Hakuna mtu anayerudi nyuma."

"Kwa nini kichwa kile cha chini?"

"Nilifikiri nikishika kimoja tu, vingine vitabaki vya watu."

Akafungua fundo la kanga yake, akatoa karanga, akaja mpaka kwenye ua na kuninyooshea. "Chukua, ule. Ni zako hata hivyo."

Wanangu, mimi nilisoma shule ya misheni. Nimebatizwa. Nilikuwa nawacheka wazee na mambo yao. Lakini mkono wangu ulirudi nyuma wenyewe, mpaka mgongoni, kabla sijaufikiria. Nimeutafakari mkono ule miaka mingi na bado siuelewi. Niliamini nini? Sikuamini chochote! Dada akaangalia pale mkono ulipokuwa, akaziweka karanga juu ya jiwe. "Haya, ziko hapo," akasema.

Sikuzichukua. Nikafanya baya zaidi. Nikamwambia, "Dada, usije tena pale. Ni kazi yangu. Na Mzee Yona naye ni mzee."

"Sawa," akasema. Neno hilo tu, na akaingia ndani.

Hakuja tena. Kile kichwa cha chini nacho kikakauka, vyote vinane sasa, safi. Na watu je, walirudi? Hawakurudi hata mmoja. Mpini ulishashikwa. Nilimfukuza dada yangu bure, kwa kitu ambacho hakikuleta hata thumuni. Nikiwaambia nilikosea sehemu za kuweka mashine, mnacheka, na chekeni. Kosa langu la kazi ni hili.

Tajiri akaleta amri: kihamishieni stendi ya Karatu, mkijaribu kwa mara ya mwisho. Msije mkaniuliza baadaye, niwaambie sasa kwamba kule kilifanya kazi. Wageni watupu, mabasi ya Wasso yanayokuja leo au kesho kutwa, kila mtu na thumuni yake na haja ya kutafuna kitu. Au labda si hiyo sababu. Tajiri akaagiza vingine, Mzee Yona akaendesha mpaka jicho lilipomkatalia. Lakini habari yangu si ya stendi, ni ya siku ya kukiondoa Mbulumbulu.

Kichanja kile hunyanyuliwa na watu wanne, kila mtu kona yake. Wakiwa watatu kinalala upande na vioo vinavunjika. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya malori. Watu kama ishirini wamekaa kwenye mabenchi ya Mama Agripina kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, maana walisikia tunakiondoa. Mimi nikashika kona moja, Mzee Yona nyingine. Nikaita matingo, vijana niliosoma nao.

"Njooni mtupe mkono mara moja."

Mmoja akasema mgongo unamsumbua. Mwingine akakumbuka ana tairi la kujaza.

"Jamani, ni hatua kumi tu mpaka kwenye gari!"

Mzee Yona, ambaye nilikuwa sijamweleza chochote kwa aibu, akaninong'oneza, "Bura, hawa watu wana nini?" Nikatamani ardhi ipasuke.

Ndipo nikaona wamegeuka wote kutazama upande mmoja. Dada Paskalina alikuwa anakuja kwa njia ya shamba la mahindi, akitembea pembeni ya njia kama alivyotakiwa. Nadhani alisikia Landrova, akaja kukiona kichanja kikiondoka. Akasimama mbali, hatua kama thelathini. Akaona tunavyohangaika, wawili kwenye chuma cha watu wanne.

"Bura," akaita. "Naweza kushika?"

Niliwatazama wale watu ishirini. Nilikuwa na kijiji kizima cha kuogopa na sikujua hata ninaogopa nini. Kisha nikasema, tena kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Njoo ushike, dada."

Akaja. Akashika kona ya tatu, ubavuni kwangu, mkono wake na wangu kwenye chuma kimoja ikigusana. Ulikuwa wa baridi. Safari hii mkono wangu ulikaa. Mzee Yona akamwambia, "Karibu, mwanangu, tahadhari na kidole," kama vile wanaonana kila siku.

Watatu. Tukajaribu, kikayumba, kichwa kimoja cha pipi kikagonga ukuta. Tukakiweka chini. Jasho linanitoka.

Mama Agripina akatoka jikoni. Alikuwa anafuta unga kwenye kitenge, uso umekunjamana. Nikajua anakuja kutufukuza, na alikuwa na haki, hoteli ile ndiyo iliyosomesha watoto wake, na wateja ndiyo kwanza wamerudi. Akatupita sisi wote. Akazunguka nyuma, akainama, akashika kona ya nne, ile iliyokuwa karibu na dada.

"Nyanyueni basi," akasema. "Nina chai jikoni."

Tukanyanyua. Hatua kumi, polepole, vioo vikilia. Nyuma yetu nikasikia benchi likisogezwa, mtu anaondoka. Halafu jingine. Tulipokwisha kufunga kamba na kugeuka, mabenchi yalikuwa na watu wanne tu waliobaki, wengine wako njiani na migongo yao. Mama Agripina akawahesabu kwa macho, akashusha pumzi ndefu.

"Ingieni," akatuambia.

Dada akasimama kizingitini. Alikuwa hajaingia nyumba ya mtu zaidi ya mwaka. Akautazama mlango, akatazama miguu yake, akarudi hatua moja.

"Unataka nikubebe?" Mama Agripina akafoka kutoka ndani. "Chai inapoa."

Akaingia. Mama Agripina akammiminia kwenye kikombe kile kile cha bati tulichonywea wote, akampa mkononi. Dada alikishika kwa mikono miwili muda mrefu bila kunywa, na machozi yakimdondokea ndani. Mzee Yona akamsogezea andazi. Alikunywa vikombe viwili, na cha pili aliomba mwenyewe.